Kundi huru au kundi la utaratibu: lipi litakuletea wateja?

Kundi huru la wafanyabiashara ni lile la WhatsApp au jioni ya kubadilishana kadi Masaki: unaingia na kutoka utakavyo. La utaratibu hukutana kila wiki ili wanachama wapeane wateja, lina ada, na kila fani ina mtu mmoja. Linalojulikana zaidi ni BNI (Business Network International), alilolianzisha Ivan Misner Marekani mwaka 1985.

Hatua ya 1: Piga hesabu. Tuseme ada ni 600,000 kwa mwaka, chai 15,000 na nauli 10,000 kwa kila kikao, vikao 48. Jumla 1,800,000. Fundi umeme anayebakiwa na 150,000 kwa kazi anahitaji kazi 12 ili arudishe hela yake tu.

Hatua ya 2: Hudhuria kwanza kama mgeni. Hesabu wateja waliotolewa kwa jina na namba ya simu. "Nitakuangalizia mtu" usiihesabu. Tazama pia fani zilizomo: muuza vigae, fundi bomba na mchora ramani wanahudumia mteja yuleyule wa fundi umeme. Muuza keki hapana.

Hatua ya 3: Omba mteja mahususi. Hapa ndipo wengi wanapokwama. "Yeyote anayehitaji umeme" haimkumbushi mtu yeyote. Sema: "Natafuta mwenye nyumba Goba au Madale aliyeshapaua, hajapiga plasta." Mipaipu ya nyaya hufukiwa ukutani kabla ya plasta, kwa hiyo huyo anakuhitaji sasa, na msikilizaji anamjua jirani wa hivyo.

Hatua ya 4: Mpigie mteja siku hiyohiyo, kisha mrudishie taarifa aliyekuunganisha, hata kazi ikikosekana. Ameweka jina lake dhamana. Ukikaa kimya hakupi mwingine.

Maswali ya wanachama

*Wakuu, nauza vitenge Kariakoo, faida 3,000 kwa doti. Nilipe ada?*
Hapana, dada. Kwa hesabu ile ungehitaji doti 600 za ziada. Baki makundi huru, ila acha kumwaga picha 20 kila asubuhi. Watu wanazima sauti. Tafuta neno "sare" kwenye kundi, wajibu wanaoulizia za harusi. Mmoja wao anaweza kununua doti 40.

*Aliyeniletea mteja nimpe kamisheni?*
Soma kanuni za kundi kwanza. Zikiruhusu, kubalianeni kabla ya kazi, na umlipe aliyekuletea baada ya mteja kulipa. Usiipachike kwenye bei kimyakimya; mteja akiulizia kwingine atajua.

*Miezi mitatu sijapata hata mmoja, nitoke?*
Wewe umewapa wenzako wangapi, kaka? Kama hakuna, anza hapo. Kama umewapa na hawarudishi, usilipe ada ya mwaka ujao.