Mzee akitaka "kwenda kwao" jioni, usibishane naye

Wale mnaouguza mzazi mwenye Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo wa kupoteza kumbukumbu, hapa Mwanza nawaachia hili maana limetusaidia sana. Mama yangu ikifika saa kumi na moja jioni anaanza kufunga kanga zake kwenye mfuko anataka awahi meli ya Ukerewe, na mimi nilikuwa namwambia mama hapa ndo kwako, Ukerewe ulishahama zamani, basi anakasirika, analia, na mimi nalia. Siku hizi sibishani kabisa. Nakaa naye namuuliza kule mlikuwa mnalima nini, machungwa mlikuwa mnauza wapi, babu alikuwa anavua upande gani, anasimulia weee mpaka safari inasahaulika, maana huu ugonjwa unaanza na kumbukumbu za juzijuzi, za zamani zinakawia kuondoka.

Taa pia washeni mapema kabla giza halijaingia, vivuli vinawatisha. Ila akibadilika ghafla ndani ya siku moja mbili msiseme ni ugonjwa umezidi, mpelekeni akapimwe, inaweza kuwa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) au malaria na vyote vinatibika.

Na wewe unayeuguza omba zamu jamani, usingoje mpaka uanguke. Mdogo wangu anakuja Jumamosi kutoka Igoma, mimi nashuka zangu mwaloni Kirumba nanunua dagaa taratibu, nakaa naangalia ziwa, narudi nikiwa mtu mwingine. Kama huna ndugu karibu muombe hata jirani akae naye lisaa limoja, wengi wanakubali ukiwaelekeza tu wamuulize stori gani.