Matuta ya matofali kwa mboga za masika: kazi inaanza Januari

Ukanda wa Dar es Salaam, Bagamoyo na Tanga, masika hushika kuanzia katikati ya Machi hadi Mei. Anayekumbuka tuta siku mawingu yameshatanda amechelewa, na si kwa sababu ya matofali, maana hayo hupangwa asubuhi moja yakaisha. Kinachomchelewesha ni samadi. Inataka wiki nane hadi kumi na mbili kuiva, na hakuna njia ya mkato. Ndiyo maana hapa tunaanza Januari, na ndiyo maana hatua ya nne imekuwa ndefu hivi.

Vipimo ni vya tuta moja lenye upana wa karibu mita 1.2 na urefu wa mita 3 kwa ndani. Urefu ongeza upendavyo, upana usiongeze: mkono ufike katikati kutoka kila upande bila mguu kukanyaga ndani.

1. Mahali

Jua kwa muda wa saa sita kila siku, mbali na mwembe na mwarobaini. Kivuli chake ni nusu tu ya tatizo. Nusu nyingine ni mizizi: ikikuta tuta lenye rutuba na maji hupanda kutoka chini, na baada ya msimu mmoja unamwagilia mwembe.

Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yanywee, kisha jaza tena. Haya ya pili yakiwa bado yamo baada ya saa nne, maji yanatuama hapo; ama uhame, ama upange matofali mistari miwili kwenda juu badala ya mmoja. Kwenye mteremko, tuta likinge maji, lisishuke nayo. Habari za kulielekeza mashariki au kaskazini hazina uzito huku karibu na ikweta.

2. Ndago

Majani mengine fyeka tu. Ndago ni habari nyingine. Chini ina viazi vidogo vyeusi vilivyoungana kwa nyuzi. Ukipiga jembe bapa unakata nyuzi, na kila kiazi kilichobaki peke yake kinachipua. Maboksi yanayotandazwa chini ya tuta huua majani mengi, lakini ndago huyatoboa, na nailoni nyeusi pia huitoboa.

Tumia jembe la uma. Udongo uwe na unyevu kidogo, uinue hadi sentimita 25, viazi uokote kwa mkono. Visirudi kwenye lundo la mboji. Rudia baada ya wiki mbili, vilivyosahauliwa vikishajitokeza. Kazi hii inachosha, ila ukiisha kulijaza tuta ndago haitoki tena bila kulibomoa.

Chini pabaki pamelegezwa, bila nailoni wala turubai. Ukitandika nailoni umetengeneza beseni, na masika yatalijaza.

3. Matofali

Matofali ya saruji ya inchi 5, yale yenye urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9. Yanatosha 20: saba kila upande mrefu, matatu kila upande mfupi, mwisho wa kila mstari ukiziba kichwa cha mstari unaofuata. Nunua 22. Chimba mtaro wa sentimita 3, yasimamishe humo, pitisha pima maji, kisha vuta futi kamba kona kwa kona. Vipimo viwili vikilingana, tuta limenyooka. Usijengee kwa saruji. Nafasi ya unene wa kidole kati ya tofali na tofali ndiyo mlango wa maji ya ziada.

Mbao na mirunda sishauri kabisa kwa pwani, mchwa hawatakupa misimu miwili. Wapo wanaozipaka oili chafu ya gari kuzuia mchwa. Oili hiyo inaishia kwenye udongo wa mchicha wako. Mataruma ya reli na nguzo zilizolowekwa kriosoti (dawa ya kuhifadhi mbao) nazo ziache huko huko.

Kati ya tuta na tuta acha sentimita 60, toroli lipite.

4. Samadi

Muuzaji atakwambia "hii imekaa mwaka mzima", na huenda anasema kweli. Lakini kukaa si kuiva. Samadi iliyoanikwa juani hukauka, na ikikauka kuoza kunasimama. Inakuwa nyepesi, haina harufu, inapukutika vizuri mkononi, kila mtu anaipenda. Ukiichanganya tutani na mvua ya kwanza ikaishukia, inaendelea kuoza pale ilipoachia: inapata joto, inatoa amonia, na miche uliyohamishia wiki iliyopita inababuka mizizi. Kwa juu utaona majani yananyauka huku udongo umelowa, na utadhani ni ugonjwa. Miche inauliwa kwa namna hii masika baada ya masika, na duka la pembejeo linauza dawa ya ukungu isiyohitajika.

Kwa hiyo hata ile "iliyokaa" irudishe kwenye lundo.

Kwa tuta moja utahitaji ndoo 15 za lita 20 za samadi iliyoiva. Ikioza hupungua karibu nusu, basi anza na ndoo 30. Pima kwa ndoo, usipime kwa kiroba, maana kiroba cha huyu ni lumbesa na cha yule kimejaa hewa. Samadi ya ng'ombe ndiyo ya kuanzia. Ya mbuzi ni nzuri, ila vidonge vyake vigumu vipondwe kwanza na vilowekwe, la sivyo vinabaki vizima ndani ya lundo. Ya kuku nitairudia.

Ongeza ndoo 20 za majani makavu, upate lundo la karibu mita moja kila upande. Lundo dogo kuliko hapo halishiki joto. Panga tabaka kwa tabaka huku ukinyunyiza maji. Ukifinya konzi moja litoke tone moja au mawili: likichuruzika, ongeza majani makavu, lisipotoka kitu, ongeza maji. Funika kwa turubai, ili jua lisilikaushe na mvua za kubahatisha zisiliogeshe.

Chomeka nondo hadi katikati ya lundo na uiache dakika kumi. Siku ya tatu au ya nne ikitoka ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, lundo linafanya kazi. Ndani pana nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, joto linaloua mbegu nyingi za magugu. Ikitoka baridi, sababu ni mojawapo ya tatu: lundo ni dogo, ni kavu, au limeshindiliwa halina hewa. Pindua kila baada ya siku saba, ya nje iingie ndani. Baada ya mara tatu au nne hivi, utapindua na joto halitarudi. Hapo wengi hukimbilia tutani. Subiri wiki nne nyingine, lundo likiwa na unyevu na limetulia.

Kisha lipime. Vipimo ni vitatu na usiruke hata kimoja:

Nondo itoke na joto la kawaida, siku mbili baada ya kupindua.

Konzi mbili zenye unyevu zifungwe ndani ya mfuko wa nailoni siku tatu kivulini. Ukifungua, harufu iwe ya ardhi iliyonyeshewa. Harufu ya zizi au ya kuchoma pua maana yake haijaiva.

Panda mbegu 20 za mchicha kwenye kopo la samadi iliyochanganywa nusu kwa nusu na udongo, na nyingine 20 kwenye udongo mtupu. Mchicha huota siku ya tatu hadi ya tano. Kopo la samadi likiota wazi wazi pungufu, ngoja. Kando ya mchicha, kwenye kopo hilo la samadi, panda maharage manne. Zipo dawa za magugu ya malisho ambazo hupita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai na kudumu kwenye samadi, na maharage huzionyesha mapema: majani ya juu hujikunja kama kijiko. Ukiona hivyo lundo zima lisiguse mboga. Kuoza zaidi hakutalisafisha kwa wakati.

Samadi ya kuku. Ni kali kwa naitrojeni na kwa chumvi, na ile ya mabandani huja na maranda. Maranda huoza polepole, na yakioza hunyang'anya mimea naitrojeni ya udongo. Ikiwa huna nyingine, kati ya zile ndoo 15 tia tano tu za kuku, zilizoiva, na kumi za mboji ya majani. Kama unamwagilia maji ya kisima yenye chumvichumvi, mazoea ya mitaa mingi ya Dar, punguza mpaka tatu.

Na kama ni mwishoni mwa Februari na huna samadi iliyoiva? Jaza udongo na mboji yoyote iliyoiva unayoweza kupata, tumia mbolea ya dukani kwa kiasi, samadi yako ivundikwe kwa ajili ya vuli. Mbichi tutani hapana. Licha ya kubabua mizizi, mvua hurusha matone ya udongo juu ya majani ya mchicha, na vijidudu vya tumbo huja nayo. Kutoka samadi mbichi hadi kuvuna mboga ya majani iwekwe miezi minne.

5. Udongo

Ndoo 30 za udongo wa juu. Kabla ya kuuchota, ng'oa magugu machache yaliyoota hapo utazame mizizi. Ukiona vifundo kama shanga, kuna minyoo fundo, adui mkubwa wa nyanya na bamia kwenye udongo wa kichanga. Udongo tafuta kwingine. Ukikosa, utandaze kwa unene wa sentimita 15, uloweshe, ufunike kwa nailoni angavu iliyobanwa kingo zote, uache wiki nne hadi sita za jua la Januari na Februari. Nailoni iwe angavu, si nyeusi. Nyeusi hujipasha yenyewe kuliko udongo.

Mchanga wa ufukweni usitumie hata kidogo, una chumvi na chembe za makombe.

Maganda ya mpunga ndoo 5, kutoka mashine ya kukoboa, yaliyounguzwa yakawa meusi na kumwagiwa maji kabla hayajageuka majivu meupe. Hayo hulegeza udongo mzito na kushika maji kwenye udongo wa kichanga.

6. Kujaza

Changanya juu ya turubai: sita za udongo, tatu za samadi, moja ya maganda, mpaka rangi iwe moja. Jaza nusu, mwagilia, jaza iliyobaki, mwagilia tena. Katikati pawe juu kuliko kingo kwa sentimita 5, mgongo wa kobe. Usishindilie. Funika kwa majani makavu na uache wiki mbili litulie.

7. Kupanda

Masika mimi napanda mchicha kwa mistari ya sentimita 20, bamia 60 kwa 30, sukuma wiki 50 kwa 50, nyanya chungu 75 kwa 60. Nyanya zisubiri mvua zikatike; mnyauko na bakajani hupenda sana Aprili.

Majani ya kufunikia yasogezwe sentimita 5 kutoka shina, na jioni pita na tochi uokote konokono, maana matofali yenye unyevu ndiyo nyumba yao. Baada ya wiki mbili za mvua tuta litakuwa limeshuka sentimita 3 au 4, kwa hiyo weka akiba ya ndoo tano za mchanganyiko. Majani ya chini yakianza kuwa manjano ilhali ya juu ni kijani, naitrojeni imepungua: kijiko kimoja cha chakula cha urea kwa mita moja ya mraba, kati ya mistari, udongo ukiwa umelowa, kisha uifukie. Yakinyauka yote kwa pamoja udongo ukiwa umelowa, fukua mche mmoja, shika udongo wa chini kwa mkono na uunuse, ndipo uende dukani.