Kupunguza saruji kwenye matofali kwa majivu ya pumba za mpunga

Kabla ya kuwasha moto, soma mfuko wa saruji. Ukikuta alama ya aina ya saruji CEM II/B-P, kiwanda kimeshachanganya majivu ya volkano asilimia 21 hadi 35. CEM IV inaweza kufika 55. Hizo usiziongezee chochote. Majivu hayashiki yenyewe: yanahitaji chokaa inayotoka saruji inapokutana na maji, na chokaa ikiisha, yanayobaki ni vumbi tu. Tafuta CEM I 42.5, yaani saruji isiyochanganywa majivu (42.5 ni daraja la nguvu, si kilo).

1. Kuchoma. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Chukua pumba kavu kwenye mashine za kukoboa, kama zile za Mbarali au Mwea. Kilo 100 hutoa majivu kama kilo 20. Toboa pipa la lita 200 pande zote, simamisha bomba la wavu katikati lipitishe hewa, kisha washa chini. Pumba ziungue taratibu, nyuzi 500 hadi 700. Pipa liking'aa rangi ya chungwa, moto umezidi: silika, yaani madini ya majivu yanayoshikana na chokaa, imegeuka fuwele na haitashikana nayo tena. Majivu meusi yana kaboni nyingi, yanakunywa maji. Unayotaka ni ya kijivu kilichopauka. Ya boila ya kiwandani usiyaamini mpaka uyapime.

2. Kusaga. Tumia kinu cha mipira ya chuma, uchekeche kwa chekecheo la mikroni 75. Yawe laini kama poda ya mtoto. Mashine ya mahindi usiiguse. Silika inakula nyundo zake, na kesho watu wanasagia unga humo. Vaa barakoa, vumbi hili linaumiza mapafu.

3. Kuchanganya. Saruji kilo 42.5, majivu kilo 7.5, mchanga kilo 300. Pima kwa mizani, si kwa karai, maana majivu ni mepesi mno. Changanya vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo utie maji kidogo kidogo. Finya konzi: ikishikamana bila kuchuruzika, inatosha.

4. Kumwagilia. Siku 14, chini ya nailoni au magunia mabichi. Matofali haya hukomaa polepole, usiyajengee kabla ya siku 28.

5. Kupima. Tengeneza mengine kwa saruji tupu, yote yavunjwe maabara siku ya 28. Yako yakishindwa kufika asilimia 75 ya hayo, tatizo liko kwenye moto au kusaga. Nguzo na zege la dari muachie mhandisi.