Fanksheni ya Python Inakupa Jibu la Ajabu? Ikague Hivi

Kabla hujaifuta fanksheni na kuiandika upya, chapisha kile inachorudisha. Tumia `repr()`, kwa sababu hiyo itakuonyesha tofauti ya `5` na `'5'`, ambayo `print` ya kawaida huificha.

Hatua ya 1: Angalia kinachorudi

```python
def jumlisha(a, b):
    print(a + b)

jibu = jumlisha(2, 3)
print(repr(jibu))
```

Utaona `5`, halafu `None`, yaani "hakuna thamani". Hiyo 5 imeandikwa tu kwenye skrini. Haikuingia kwenye `jibu`. Fanksheni isiyo na `return` hurudisha `None`, kwa hiyo ukiona `NoneType` kwenye ujumbe wa kosa, anza kwa kutafuta `return` iliyosahaulika. Kama ipo, tazama imekaa wapi: ikiwa ndani ya `for` bila sharti lolote, kazi inaishia mzunguko wa kwanza. Isogeze kushoto, ilingane na `for`.

Hatua ya 2: Hakikisha umeiita

Ukipata kitu kama `<function jumlisha at 0x...>`, umesahau mabano. Basi.

Hatua ya 3: Kagua mstari wa `def`

Hapa hata waliozoea hunaswa, maana hakuna ujumbe wowote wa kosa.

```python
def ongeza(jina, majina=[]):
    majina.append(jina)
    return majina

print(ongeza("Asha"))
print(ongeza("Juma"))
```

`print` ya pili inatoa `['Asha', 'Juma']`. Asha katokea wapi? Python huitengeneza ile `[]` mara moja tu, pale inaposoma `def`, kisha kila mwito usioleta orodha yake unatumia ileile. Chapisha `ongeza.__defaults__` uione ilivyojaa. Dawa yake:

```python
def ongeza(jina, majina=None):
    if majina is None:
        majina = []
    majina.append(jina)
    return majina
```

Usifupishe kwa kuandika `if not majina`. Mtu akikuletea orodha yake iliyo tupu, utaitupa na kujaza nyingine, naye atabaki akishangaa yake haina kitu. Kamusi na seti zina mtego huohuo. Namba na maandishi hazina, kwa kuwa hazibadiliki.

Hatua ya 4: Vigeu vya nje

```python
idadi = 0

def hesabu():
    idadi = idadi + 1
```

Ukiita `hesabu()` unapata `UnboundLocalError`. Kwa kuwa umeipa `idadi` thamani ndani ya fanksheni, Python inaichukulia kuwa ya humo ndani tangu mstari wa kwanza, na humo bado haina kitu. Kuweka `global idadi` kutanyamazisha kosa, lakini mimi siipendi njia hiyo: programu ikikua, hujui tena nani anabadilisha nini. Ipitishe kwenye mabano, uirudishe:

```python
def hesabu(idadi):
    return idadi + 1

idadi = hesabu(idadi)
```

Usiuache ule mstari wa mwisho. Ukiandika `hesabu(idadi)` peke yake, jibu linapotea na `idadi` inabaki 0.