Mzunguko wa mazoezi kwa watoto wanaotaka kuongeza kasi

Mimi ni mwalimu wa michezo shule ya msingi, na kuna jambo ambalo wenzangu hawalipendi: mzunguko wa mbio fupi haukusudiwi kumchosha mtoto. Nguvu ya kuchomoka imo kwenye akiba ndogo ya misuli, inayokwisha baada ya sekunde 10 hivi na kujaa tena akipumzika. Mnyime mapumziko, utakuwa unamfundisha kukimbia polepole.

Kwa hiyo kwangu filimbi hulia kila dakika inapoanza. Sekunde 10 nguvu zote, 50 zilizobaki ni za kutembea hadi kituo kinachofuata na kuvuta pumzi.

Baada ya kupasha mwili joto dakika 10, panga vituo sita kwa duara, watoto watatu au wanne kila kimoja: kuruka kamba, kukimbia kwenda na kurudi kati ya koni zilizo mita 5, kuchuchumaa na kuruka juu, hatua fupi za haraka juu ya mistari ya chaki, mbio za mita 20, mara moja tu, mwisho kupandisha magoti papo hapo. Vituo vya kuruka visifuatane. Darasa la tatu na la nne mizunguko miwili inawatosha, wakubwa mitatu. Maji kila mzunguko ukiisha.

Wakikimbia, tazama mikono kwanza. Kiwiko kikunjwe, ngumi itoke nyongani ifike usawa wa shavu, isikatize kifua. Ikikatiza, kiwiliwili kinayumba na nguvu inapotelea pembeni. Kisha sikiliza. Anayetua kwa mbele ya wayo husikika kidogo. Anayebamiza kisigino utamsikia hata ukimpa mgongo. Kundi zima likianza kubamiza, wamechoka: funga kipindi, hata kama ratiba inakudai robo saa.

Mara mbili kwa wiki yatosha, kwa kuachanisha siku. Vyuma vya nini? Uzito wa mwili wake ni mzigo tosha. Aliyerefuka ghafla akalalamika kisigino au chini ya goti, mtoe kwenye kuruka. Maumivu yakiendelea, aonwe na daktari.

Pima mita 30 mwanzoni, kisha baada ya wiki 6, uwanja uleule. Kila mtoto mlinganishe na muda wake mwenyewe, maana wa umri mmoja hawakui sawa, na anayeachwa leo huenda bado hajaanza kurefuka.