Kabla Hujaweka Sahihi: Nyumba ya Kwanza na Ucheleweshaji Wake

Mikataba mingi ya kuuziana nyumba nchini Kenya hutoa siku 90 tangu kutiwa sahihi hadi mauzo yakamilike. Mnunuzi wa mara ya kwanza huzihesabu kwenye kalenda, akampa landilodi notisi, akaagiza na mapazia. Lakini siku hizo zinapitia mikononi mwa muuzaji, mawakili wa pande mbili, benki, kaunti, mthamini wa serikali na msajili wa ardhi, na kila mmoja ana foleni yake. Panga namna ya kuchelewa ungali hujatoa hata shilingi, kwa sababu ukishalipa, nguvu yako ya kudai hupungua.

Anza na jina lililo kwenye hatimiliki. Ukiambiwa, "Hati bado ni ya marehemu baba, lakini familia tumekubaliana," uliza kama mahakama imeshathibitisha usimamizi wa mirathi. Kwa Sheria ya Urithi, msimamizi haruhusiwi kuuza ardhi wala nyumba ya marehemu kabla ya uthibitisho huo, na kwa kawaida uthibitisho husubiri miezi sita tangu msimamizi apewe hati yake. Kabla ya hiyo kutolewa, kuna tangazo kwenye gazeti rasmi la serikali na siku 30 za kungoja pingamizi. Jumlisha mwenyewe, na hapo hujamhesabu shangazi aliyeko Mombasa ambaye hakuna aliyemuuliza. Nyumba ya namna hiyo mimi ningekwenda kuitazama tu. Arubuni ingebaki mfukoni mpaka karatasi ya mahakama iwe mezani. Kama muuzaji ana mke au mume, ridhaa ya maandishi ya mwenzake nayo itafutwe mapema. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inaidai, na wanandoa waliokosana wanaweza kukukalisha mwaka.

Kisha fanya sachi rasmi, yaani upekuzi wa rejista kwenye ofisi ya ardhi. Usiandikie mate na wino upo: nakala ya hati uliyotumiwa kwenye simu haikuonyeshi kama kuna rehani au kizuizi kilichowekwa baadaye. Kwa Nairobi, uliza pia kama nyumba inaonekana kwenye Ardhisasa, mfumo wa kidijitali wa ardhi uliozinduliwa Aprili 2021. Hati nyingi za zamani zilitolewa chini ya sheria zilizofutwa mwaka 2012, na ikiwa yako haijabadilishwa kuingia kwenye rejista mpya, mabadiliko hayo yatatangulia uhamisho. Kazi hiyo ni ya muuzaji. Ifanyike kabla saa ya siku 90 haijaanza kuhesabu.

Anayenunua ploti ya kujenga nje ya mji, ambako ardhi bado imeandikishwa kuwa ya kilimo, ana kituo kimoja zaidi: Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Maombi ya kibali yanapaswa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba ufanywe, na bila kibali mauzo ni batili hata kama ulilipa yote. Jua tarehe ya kikao kabla ya kukubali tarehe nyingine yoyote.

Sasa pesa, na hapa ndipo wengi huumia. Mkopo wa sacco huanza kukatwa kwenye mshahara mara tu fedha zikitoka, hata kama ufunguo hujauona. Kwa hiyo utakuwa unalipa makato na kodi ya nyumba unayoishi kwa mpigo. Piga hesabu unaweza kubeba yote mawili kwa miezi mingapi. Mimi nisingesaini bila akiba ya kodi ya miezi minne. Kwa mkopo wa benki, uliza barua ya kukubaliwa inaisha lini na ikiisha kabla mauzo hayajakamilika nani atagharamia tathmini mpya. Katika kipindi hicho usikope gari, na zile programu za mikopo ya simu ziache kabisa. Benki inaweza kukukagua tena kabla ya kutoa fedha.

Acha pia nafasi kwa ushuru wa stempu, unaolipwa na mnunuzi wakati wa uhamisho: asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani. Mthamini wa serikali halazimiki kufuata bei mliyokubaliana. Nyumba ya shilingi milioni 6 ina ushuru wa 240,000; akiithamini milioni 6.5, utadaiwa 260,000, na faili haisongi mpaka hizo 20,000 zilipwe. Muuzaji naye ana kodi ya faida ya mtaji, asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023, pamoja na madeni yake ya kaunti. Muulize waziwazi kama anajua. Muuzaji aliyeshtukizwa na kodi huanza kuwa mgumu kupatikana kwa simu.

Kwenye mkataba wenyewe, soma kifungu cha arubuni mara mbili. Ile asilimia 10 ya kawaida ishikiliwe na wakili wa muuzaji hadi mauzo yakamilike. Ikienda moja kwa moja kwa muuzaji, kuidai ni kesi. Angalia kinachotokea siku ya 91: nani anaweza kutoa notisi ya kukamilisha (ya kumtaka aliyechelewa amalize sehemu yake), ambayo mara nyingi ni ya siku 21, riba ni kiasi gani, na kama ofisi ya ardhi ikifungwa au mfumo ukizimika muda unaongezwa. Nyongeza yoyote iandikwe. Kwa nyumba ambayo bado inajengwa, dai tarehe ya mwisho kabisa ambayo ikipita unarudishiwa fedha zako, na malipo yafuate hatua za ujenzi zilizothibitishwa na msanifu majengo. Picha za ajenti hazitoshi.

Notisi kwa landilodi itoe baada ya uhamisho kusajiliwa na ufunguo kukabidhiwa. Watoto wasihamishwe shule kwa kutegemea tarehe ya mkataba, hasa Januari. Na wakili wako mkubaliane tangu mwanzo kwamba kila baada ya wiki mbili atakujibu maswali mawili kwa maandishi: faili iko ofisi gani, na inasubiri nini kutoka kwa nani. Akikujibu "bado tunashughulikia" mara mbili mfululizo, omba nambari ya faili uifuatilie mwenyewe.