Namna ya Kukagua Leseni ya Mkandaji Kabla ya Masaji Texas

Katika jimbo la Texas, nchini Marekani, anayefanya masaji kama kazi ya malipo hutakiwa kuwa na leseni ya jimbo, ambayo tangu mwaka 2017 husimamiwa na idara ya leseni ya jimbo hilo, ijulikanayo kwa kifupi kama TDLR.

Anza na ukuta. Leseni inatakiwa kubandikwa mahali pa wazi, lakini karatasi hiyo haikuambii kama imesitishwa juzi. Muulize mkandaji jina lake kamili, kisha uliingize katika ukurasa wa TDLR wa kutafuta leseni, ambao hautozi chochote, uone kama leseni ni hai na itakwisha lini. Biashara yenyewe nayo huwa na leseni yake, isipokuwa mkandaji akifanya kazi peke yake. Kuuliza si utovu wa adabu; mwenye leseni amezoea.

Nyuma ya leseni hiyo kuna mtihani, ukaguzi wa alama za vidole na saa 500 za mafunzo, zikiwemo 200 za mbinu za kukanda na 40 za elimu ya magonjwa. Kwa maoni yangu, zile 40 ndizo zinazomlinda mteja zaidi. Chukua mtu aliyeshuka kutoka safari ndefu ya ndege, kigimbi cha mguu mmoja kimevimba, kina moto na kinauma kikiguswa. Asiyesoma atadhani ni misuli iliyokaza, naye atakikandamiza kwa kiwiko. Aliyesoma atashuku damu iliyoganda ndani ya mshipa, ataondoa mikono na kumhimiza aende hospitali saa ileile, kwa kuwa donge hilo likibanduka huweza kufika mapafuni na kuua.

Kwa hiyo usiharakishe mazungumzo ya awali. Kabla ya masaji ya kwanza, sheria inataka upewe fomu ya kutia saini, inayotaja mbinu itakayotumika, sehemu zitakazokandwa na zitakazoachwa, kwamba utafunikwa shuka, na kwamba unaweza kusimamisha huduma wakati wowote usiporidhika. Taja dawa unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda, na ujauzito kama upo.

Ukikuta leseni haipo au umeguswa isivyofaa, peleka malalamiko TDLR ukitaja anwani, tarehe na saa. Ukiona wahudumu wanalala humohumo na hawaruhusiwi kutoka wala kujibu wenyewe, huenda wanatumikishwa kwa nguvu; usibishane na msimamizi: toka nje kwanza, kisha piga 911, namba ya dharura.